Hoteli ya wahamiaji yageuzwa hifadhi ya turathi za Wajerumani

KARIBU na Mto Mississippi, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, lipo jumba kongwe ambalo katika miaka ya 1860 lilikuwa hoteli ya wahamiaji kutoka Ujerumani. Maelfu yao walipata malazi humo huku wakitafuta kazi mjini au shamba la kulima, kisha wakashika njia. Leo jumba hilo ni makao ya German American Heritage Center, kituo cha utamaduni kilichoasisiwa mwaka 1994 ili kuhifadhi historia ya watu hao.

Wengi wao walitoka Schleswig-Holstein, eneo la kaskazini ambalo Wajerumani wake waliasi utawala wa Denmark mwaka 1848. Uasi huo uliposambaratika mwaka 1851, baadhi ya viongozi wake walikimbilia ng'ambo. Kwa hivyo, Davenport haikupokea wakulima na mafundi pekee, bali pia wasomi waliopenda mijadala. Mwaka huo huo wa 1851 gazeti la Kijerumani, Der Demokrat, lilianza kuchapishwa mjini humo. Vilifuata vyama vya mazoezi ya viungo, kwaya na shule, na Kijerumani kikawa lugha ya dukani na majukwaani.

Mambo yalibadilika Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917. Mnamo Mei 23, 1918, Gavana wa Iowa, William Harding, alitoa amri kwamba Kiingereza pekee kitumike shuleni, hadharani, ndani ya magari ya moshi, kwenye simu na hata katika ibada. Asiyekifahamu alitakiwa aabudu nyumbani kwake. Amri hiyo haikuwa mzaha. Katika kaunti ya Scott, uliko mji wa Davenport, wanawake wanne walitozwa dola 225 kwa kuzungumza Kijerumani kwenye simu, na fedha hizo zikapewa Shirika la Msalaba Mwekundu. Der Demokrat nalo lilifungwa mwaka huo.

Marufuku hayo yaliondolewa vita vilipokwisha, lakini hofu ilibaki. Wazazi wengi waliona heri watoto wao wakue bila lugha ambayo ingewatia mashakani.

Hapo ndipo kazi ya kituo cha aina hii inapokuwa ngumu. Sanduku la safari au picha ya harusi huweza kuwekwa kwenye kabati la kioo na kila mgeni akaielewa. Barua ni jambo jingine. Wahamiaji waliandika kwa mwandiko wa kale ambao shule za Ujerumani ziliacha kuufunza mwaka 1941, hivi kwamba hata Mjerumani wa leo hutatizika kuusoma. Kitukuu anayekuta bunda la barua darini hawezi kujua iwapo ameshika habari za posa au za deni, mpaka apate mjuzi wa kumsomea.

Isitoshe, watu wa Schleswig-Holstein walizungumza nyumbani Kijerumani cha Kaskazini, ambacho hutofautiana sana na kile sanifu. Mjukuu anayejiandikisha leo kwa masomo ya Kijerumani hufunzwa lugha ya vitabuni, wala si ile ambayo bibi yake alitozwa faini kwa kuitamka.