USICHOME NYUZI ZA UMEME



Redio iliyokufa, telefone iliyovunjika na televizyo ya zamani zina shaba na zahabu ndani yake. Mwaka wa 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya namna hii. Shaba yake peke yake ilihesabiwa dola miliari 19. Lakini hata robo ya vyombo hivyo haikufika katika viwanda vinavyojua kazi hiyo.

Sababu ni gharama. Kule Hoboken, Ubelgiji, kompanyi Umicore, iliyoitwa zamani Union Minière, inayeyusha vipande vya telefone na kutoa madini namna 17. Kazi hiyo inaomba tanuru kubwa, machujio ya moshi na mafundi.

Mwenye kuchoma nyuzi nyuma ya nyumba halipi gharama ile. Watoto ndio wanaoilipa. Moshi wa plastiki una dioksini, sumu inayoweza kuleta kansa. Risasi inayotoka humo inaharibu akili ya mtoto, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Basi fanyeni hivi:
1. Hakikisha uzi umekatwa na umeme, kisha uumenye kwa kisu. Vaa glovu. Shaba safi inauzwa bei bora kuliko iliyochomwa.
2. Usivunje batri.
3. Nawa mikono kabla ya kula.

Baba, afya ya mtoto wako inapita kilo moja ya shaba.