Basi la Marehemu Baba na Mafungu Manane

Nyumba tunayokaa mjini Machakos ni mali ya mama yetu, aliyoirithi kwa wazazi wake. Marehemu baba yetu, mtu wa Mombasa aliyekuja kuoa bara na asirudi tena, hakuacha shamba wala kiwanja. Aliacha deni dogo kwenye duka la vipuri, na basi moja kuukuu la abiria 62 lililosimama uani chini ya mwembe, magurudumu yamezama kwenye udongo mwekundu. Alifariki Novemba 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi tunaoandika ni mabinti zake wawili wa kati, na habari yetu ni ya basi hilo, ambalo lilikaribia kututenganisha kabla hatujaligusa kwa msasa.

Kama mabasi mengi ya Kenya ya wakati wake, chesisi yake ilikuwa ya lori, na bodi ikajengwa juu yake na mafundi wa hapa nchini: mifupa ya chuma, mabati yaliyopigwa ribiti, sakafu ya plaiwudi. Baba aliliendesha usiku kwenda Mombasa na kurudi kwa miaka mingi. Lilivuka kanuni za Waziri Michuki za 2004, zilizolazimisha mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika magari ya abiria. Halikuivuka treni. Madaraka Express ilipoanza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, abiria walipungua, matengenezo yakawa ghali kuliko mapato, na Baba akaliegesha akisema ni kwa muda.

Mama akiwa bado katika eda, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja kubisha hodi na kutaja shilingi 140,000. Tulikubali haraka, labda haraka mno. Januari 2022 serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini kote, kwa sababu ya hujuma za nguzo za umeme na miundombinu mingine, na mnunuzi wetu hakuonekana tena. Basi likabaki pale pale, mbele ya dirisha ambalo Mama alikaa karibu nalo miezi minne na siku kumi. Siku chache baada ya eda kwisha alituita.

“Wanangu,” alisema, “hiki ni chumba. Chumba hutaka mlango na madirisha, na hiki vyote kinavyo.”

Mama ni mshonaji. Kwa miaka yote alishonea sebuleni, wateja wakimkuta katikati ya vyombo na watoto, na wanaume waliokuja kupima kanzu wakisubiri barazani hata wakati wa mvua. Alitaka mahali pa kazi palipo mbali na chumba cha kulala lakini ndani ya ua wake. Sisi wawili na kaka yetu tulifurahi. Dada yetu mkubwa, aliyeolewa Kisauni, hakufurahi. Alipiga simu akasema anataka haki yake ya urithi, iwe basi litauzwa au halitauzwa.

Tunakiri tulimsema vibaya. Tulisema moyo wake ni mgumu, kwamba anauza kumbukumbu ya Baba. Shangazi yetu ndiye aliyetunyamazisha. Akatuuliza kama tunajua kodi ya nyumba yake imekaa miezi mingapi bila kulipwa. Hatukujua. Kisha akatuuliza la pili, ambalo lilitutisha zaidi: yule mdogo wenu wa miaka 11 amekubali lini?

Hapo ndipo tulipokwenda kwa sheikh wa mtaa. Hesabu yetu ilitoka nyepesi kuliko tulivyohofia. Deni hutolewa kwanza. Kaka alijitolea kulilipa mfukoni mwake. Babu na bibi wa upande wa Baba walikwisha kutangulia, kwa hiyo warithi ni mjane, wana wawili na mabinti watatu. Mjane mwenye watoto hupata thumni, na kinachobaki hugawanywa, mwana akipata mara mbili ya binti. Basi likawa mafungu manane: Mama moja, kila binti moja, kila mwana mawili. Mtoto mdogo ni mwenye robo ya basi, na mali yake haiwezi kugeuzwa mbao na rangi kwa kuwa wakubwa wameona vyema. Kama tungeshindwa kuelewana, njia ya Mahakama ya Kadhi ilikuwa wazi, nayo imo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Hatukufika huko.

Marufuku ilipoondolewa mwezi Mei, tuliwaita wanunuzi wawili wapime bei upya. Mmoja akataja 150,000, wa pili 160,000. Tukashika ya juu kwa ajili ya mtoto. Kila fungu likawa 20,000. Mama aliuza bangili mbili, sisi tukachukua zamu zetu za chama mapema, kaka akakamilisha. Dada alipata 20,000 zake, na 40,000 za mdogo wetu zikaingia kwenye akaunti ya jina lake. Tuliandika yote kwenye karatasi moja, tukatia sahihi mbele ya shangazi na sheikh. Ndipo mtu wa kwanza alipopanda basini na spana.

Kazi ilianza Juni, majira ya baridi ya Machakos, ambapo ukungu hushuka kutoka vilima vya Iveti na chuma huuma vidole. Kung’oa viti kulituchukua siku nne, maana boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Plaiwudi ya sakafu karibu na mlango wa nyuma ilikuwa imeoza. Tuliikata, tukasugua chuma kwa burashi ya waya na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Watoto tuliwafukuza wakati wa kupiga msasa, na twawaomba akina mama wenzetu wafanye vivyo hivyo: rangi za zamani mara nyingi zina risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Tulilowesha kuta kwanza, tukafunga pua kwa vitambaa, tukafua nguo za kazi peke yake.

Sisi tulidhani tuna akili kwa kutaka kujaza sponji za viti darini ili kuzuia joto. Seremala wetu, mzee wa Wamunyu, alikataa katakata: sponji hiyo hushika moto upesi, na moshi wake ni sumu, ilhali humu patakuwa na pasi. Badala yake tulipaka paa rangi nyeupe kwa nje na kuacha nafasi ya hewa kati ya bati na dari ya plaiwudi. Wamunyu ndiko alikotoka Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi kuwafunza jirani zake. Mzee wetu hachongi vinyago, hutengeneza meza. Ya kukatia vitambaa aliijenga mle mle ndani, kwa kuwa haingepita mlangoni.

Mikanda ya 2004 haikutupwa. Tuliifunga kwenye mabomba ya kushikia abiria, na leo inabeba majora ya vitambaa. Viti sita tulivifunika upya na kuvipanga nyuma kwa wageni. Mapazia ni leso za Mama, vikapu vya uzi ni vyondo vya katani vya soko la hapa. Mikeka ya ukindu ilifika kwa gari la usiku kutoka Mombasa, minne, bila barua. Dada alituma ujumbe tu kuuliza kama vipimo vimekaa.

Mama sasa hushona humo kanzu na sare za shule, na wasichana wanne wa mtaani huja alasiri kujifunza. Mvua za Novemba hupenya dirisha la nyuma. Bado hatujapata dawa yake.

Kiti cha dereva tulikusudia kukiondoa ili kabati lipate nafasi. Mdogo wetu alikalia akakataa kushuka. Tukamkumbusha kwamba yeye ameshalipwa, hana fungu tena katika basi hili. Akajibu kuwa amelipwa basi, lakini usukani na honi havikutajwa. Tuliitoa karatasi tukaisoma tena. Kweli havikutajwa.