Kusoma Masika ya Mlimani: Utangulizi

Kama umewahi kukaa Moshi mwezi wa Aprili, huenda umeona jambo linalowachanganya wengi: mjini jua linawaka, ilhali kule juu mlimani, Marangu, watu wamevaa makoti na njia zimejaa tope. Redio ilitangaza mvua mkoani Kilimanjaro. Wa mjini anasema wametudanganya, wa Marangu anasema wamepatia, na wote wawili wanazungumzia utabiri uleule.

Utabiri wa hali ya hewa katika nchi ya milima huanza na swali moja: upepo unatoka wapi, na unaukuta mteremko upi? Nitakurudisha kwenye swali hilo mara kwa mara. Hisabati tutakayotumia haizidi ile ya darasa la saba.

Tuanze na hewa inayopanda. Kadiri unavyokwenda juu, mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa yote iliyo juu ya mahali fulani, unapungua. Hewa ikipanda inatanuka, na ikitanuka inapoa. Kabla haijafanya wingu, hupoa takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Sasa kumbuka chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyolowa kwa nje: mvuke uliomo hewani umegusa kitu baridi na kugeuka maji. Nyuzi ambazo kwazo mvuke huanza kugeuka matone huitwa joto la umande. Ukilijua hilo, unaweza kukisia kitako cha wingu kitakaa wapi. Chukua tofauti kati ya joto la hewa na joto la umande, izidishe kwa mita 125. Tuseme Moshi, iliyo takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, ina nyuzi 28, na joto la umande ni 20. Tofauti ni 8. Mara 125 ni mita 1,000. Kwa hiyo wingu litaanzia karibu mita 1,800. Panda mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hadi kimo hicho na utakuta mashamba yanaishia na msitu unaanza. Nakushauri uirudie hesabu hii kwa mkono, kwa joto tofauti tofauti, mpaka uizoee.

Mlimani hewa hupanda kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni kusukumwa: upepo unaugonga mlima, hauna pa kupita, unapanda. Mvua itokanayo na hilo ndiyo mvua ya milima. Wakati wa masika upepo mwingi unatoka kusini-mashariki, baharini, kwa hiyo mteremko wa kusini ndio unaopokea. Upande wa kaskazini, kuelekea Loitokitok, hewa inateremka ikiwa imekwishamwaga maji yake, inapata joto, na mawingu yanakonda. Eneo hilo huitwa kivuli cha mvua.

Hapa wanafunzi wengi hudhani kwamba ukizidi kupanda, mvua inazidi. Sivyo. Mvua ya mteremko wa kusini huwa nyingi zaidi karibu mita 2,200, katikati ya msitu, ambako kwa mwaka hupita milimita 2,000. Juu ya hapo inapungua, na ukivuka mita 4,000 uko kwenye jangwa la mawe, kwa kuwa unyevu mwingi umeshabaki chini.

Sababu ya pili ni jua. Asubuhi mteremko unapata joto haraka kuliko hewa iliyo mbele yake, na upepo mwepesi unaanza kupanda mlima. Ndiyo maana kilele cha Kibo huonekana vizuri alfajiri na kufunikwa kabla ya adhuhuri. Usiku mambo yanageuka: hewa baridi inateremka kuelekea tambarare.

Hayo ni ya siku. Masika yenyewe yanaletwa na kitu kikubwa zaidi, ambacho watabiri wetu hukiita ukanda mvua: mahali ambapo pepo za kaskazi na za kusi zinakutana, hewa inakosa njia na kupanda. Ukanda huu hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo, na kati ya Machi na Mei huipita kaskazini mwa Tanzania na Kenya.

Utauliza: kama jua lina ratiba, kwa nini masika hayana? Swali zuri, na kwa maoni yangu ndilo tamu kuliko yote katika somo hili. Vuli huathiriwa sana na joto la bahari, likiwemo El Niño, na bahari hubadilika polepole, hivyo inatupa dalili mapema. Kwa masika uhusiano huo ni dhaifu. Masika hutegemea zaidi mambo ya wiki chache. Mojawapo lilielezwa mwaka 1971 na Wamarekani Roland Madden na Paul Julian: wimbi kubwa la mawingu linalosafiri kuelekea mashariki katika nchi za joto na kurudi baada ya siku 30 hadi 60. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, upepo wa magharibi unaweza kutuletea unyevu kutoka misitu ya Congo. Vimbunga navyo vina sauti. Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilipokuwa karibu na pwani ya mashariki ya Madagascar, upepo huo wa magharibi uliimarika na mvua ikawa nyingi. Mwaka uliofuata Idai ilikuwa upande wa pili, kati ya Madagascar na Msumbiji, na masika yakachelewa.

Kompyuta zinatusaidia, lakini jua mipaka yake. Modeli, yaani hesabu za hewa zinazopigwa na kompyuta, huigawa dunia katika miraba. Modeli yenye mraba wa kilomita 25 inaiona Kilimanjaro kama kilima cha kawaida, kwani kutoka Moshi hadi kilele cha mita 5,895 ni kilomita 30 hivi. Hata modeli ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, yenye mraba wa kilomita 9, haitofautishi kijiji na kijiji. Kituo hicho huirudia hesabu mara 50, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia. Zikiwa 30 zinanyesha, unaambiwa uwezekano ni asilimia 60. Ukisikia uwezekano wa masika kuwa chini ya wastani ni asilimia 20, elewa kwamba mwaka mmoja kati ya mitano ya namna hiyo utakuwa mkavu, na mtabiri hakukosea.

Mkulima wa mahindi wa tambarare anataka kujua siku ya kupanda. Kigezo kimoja kinachotumika katika ukanda wetu ni hiki: milimita 20 ndani ya siku 3, na katika siku 21 zinazofuata pasiwe na ukame wa wiki nzima. Sehemu ya pili ndiyo inayookoa mbegu.

Kabla ya kusonga mbele, tafuta kipimamvua. Kiweke mbali na paa na migomba, umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kilicho karibu. Kisome saa 3 asubuhi, kama vituo vinavyofanya. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Andika na upepo ulikotoka. Siku isiyonyesha usiiache tupu, andika sifuri, maana nafasi tupu haisemi kama hakukunyesha au hukwenda kusoma.