Kitu Imededi, Spea Bado Ziko Hai

Kabla msee wa vyuma kuukuu apite na mizani yake umuuzie hiyo lapi ilizima, tulia kidogo. Lapi ikidedi, haidedi yote. Kioo imepasuka, motherboard imeungua, lakini feni bado inazunguka, spika zinalia, na ndani ya betri kuna seli ziko na maisha. Msee wa mizani analipanga kilo. Kazi yenye hizo spea bado zinaweza piga, hiyo halipi.

Wasee wa kujijengea vitu kwa keja hawaulizangi kama kitu ni ya simu, ya nduthi ama ya redio. Wanaulizanga: hii spea inajua kufanya nini? Ukishika hiyo swali, hii Nairobi yote inageuka stoo yako.

Cheki Richard Turere. Huyu ni boy wa Kimaasai, alikulia kando ya mbuga ya Nairobi, upande wa kusini, mahali simba huvuka usiku kutafuta ng'ombe. Kuchunga zizi la mzae ilikuwa kazi yake. Alikuwa ashafungua redio mpya ya mathe yake, mathe akawaka kinoma, lakini hapo ndo alianza kusoma mambo ya stima. Kwa simba, alianza na moto. Haikusaidia, juu moto iliwamulikia simba ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu. Usiku wa kwanza simba wakahepa, wakirudi wakaona hiyo kitu haisongi, wakaingia. Usiku moja akazunguka boma na tochi, na simba hawakukaribia. Hapo akashika rada: simba anaogopa taa yenye inatembea.

Sasa angalia venye alifikiria. Alichukua betri ya gari, solar panel, balbu nzima alitoa kwa tochi zimeharibika, na ile kaboksi ya indiketa ya nduthi. Kazi ya hiyo kaboksi ni kuwasha na kuzima, basi. Haijali kama mbele yake kuna kona ya Mombasa Road ama simba. Taa zikaanza kuwaka kwa zamu kuzunguka zizi, simba wakadhani kuna msee anapiga doria usiku kucha. Alikuwa na miaka 11. Mwaka wa 2013 alisimama kwa stage ya TED huko California akaeleza dunia venye hiyo mtambo inafanya.

Powerbank ya betri ya lapi

Hii ndo projekti poa ya kuanza nayo. Betri nene za lapi za kitambo, zile unachomoa tu nyuma, mara mob huwa na seli 6 za saizi inaitwa 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65. Betri ikikataa, si lazima zote ziwe zimeoza. Mbili zikidedi, zinaangusha rende yote.

Fungua kasha pole pole na kitu ya plastiki, usidunge bisibisi ndani. Kila seli ipime na mita (multimeter). Seli imejaa inasoma volt 4.2. Yenye inasoma 3 kwenda juu iko na chance. Yenye imeshuka chini ya 2, achana nayo, hata msee akikushow ati anaweza kuiamsha. Yenye imefura, imeshika kutu ama plastiki yake imeraruka, hiyo pia weka kando. Zenye zimebaki zichaji zijae, uziache wiki moja, uzipime tena. Yenye imeshuka sana bila kutumika imeoza ndani.

Ingia Luthuli Avenue uulizie vitu tatu: holda ya seli, kaboard ka kuchaji kanaitwa TP4056, na kaboard ka kupandisha volt hadi 5 kako na mdomo wa USB. TP4056 chukua ile iko na ulinzi. Utaijua juu imeandikwa OUT+ na OUT- kando ya B+ na B-. Usichome seli na solda, joto inaharibu ndani. Ziweke kwa holda, solda iguse waya za holda pekee.

Seli 4 ziunge plus kwa plus, minus kwa minus. Kabla zipatane, hakikisha zote zinasoma volt sawa, juu yenye imejaa itamwagia yenye iko chini stima yote mara moja, zipate moto. Ukiziunga hivyo volt inabaki ya seli moja, 3.7 kwa wastani, lakini uwezo unajumlishwa. Kama kila moja bado inashika mAh 2000, uko na 8000. Kuna stima inapotea njiani ikipandishwa hadi 5, so simu ya mAh 4000 itajaa mara moja na nusu hivi. TP4056 huchaji na ampia 1, kwa hivyo kujaza hiyo mzigo inachukua usiku mzima ama zaidi. Mara za kwanza ichaji mchana, ukiwa macho, kwa sakafu ya simiti, mbali na godoro na pazia.

Spika ya keja

Spika ya redio ya zamani, ya sabufa imeungua ama ya ndai ilifika Grogan ikauzwa vipande, koni yake ikiwa mzima, bado italia. Pima na mita kwa upande wa ohm: spika ya 4 huwa inasoma 3 na kitu. Mita ikikataa kusoma, waya ya ndani imekatika.

Tafuta kaampu ka PAM8403. Kanakula volt 5, zenye powerbank yako inatoa, na kanatoa hadi watt 3 kila side. Ongeza kaboard ka Bluetooth, na ngoma inatoka kwa simu bila waya.

Alafu jenga boksi, na hapa usiharakishe. Spika ikiwa uchi, bass inahepa. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta, na hizo mawimbi zikikutana zinauana. Mbao inazitenganisha. Mafundi wa furnicha huwa na mabaki ya plaiwudi. Wasalimie vizuri, uliza bei. Kila mwanya uzibe na gundi, na utasikia tofauti hapo hapo.

Mambo ya kuheshimu

Hizi seli za lapi ni za lithium; zikishoti zinashika moto, na huo moto ni mkali. Seli usizibebe kwa mfuko pamoja na funguo ama coins, na karibu na meza yako weka ndoo ya mchanga. TV nene za kitambo na microwave usifungue kabisa. Ndani zinaweza kukaa na stima ya kuua hata zikiwa zimechomolewa kwa ukuta. Hizo waachie fundi alisomea.

Vifaa vya kuanza ni vichache: mita, solda, bisibisi ndogo, tepu na daftari. Daftari ni muhimu. Andika ulitoa spea wapi, ilisoma volt ngapi, ilikataa ukifanya nini. Na ukipata fundi hapo Luthuli ama Kamukunji anakubali ukae kwa stuli kando yake, kaa, fagia, shika tochi, uliza. Hiyo ni chuo.

Kitabu pia inasaidia. William Kamkwamba wa Malawi alitoka sekondari juu ya kukosa karo. Akaingia maktaba, akasoma kitabu ya mambo ya nishati, na mwaka wa 2002 akasimamisha windmill na fremu ya baiskeli, dainamo, feni ya trakta na miti ya mkaratusi. Nyumba yao ikapata taa. Miaka mitano baadaye alikuwa Arusha, kwa stage ya TEDGlobal, akisimulia. Malawi na kwao Turere ziko mbali, lakini mwendo wa hawa maboy wawili ni mmoja: waliangalia shida ya boma yao kwanza, alafu wakatafuta spea yenye inajua hiyo kazi.

So wikendi hii usianze na shopping. Toa kitu moja imededi hapo kwa keja, hakikisha haijachomekwa, ifungue, upange spea zote kwa meza, na kando ya kila moja uandike kazi yake. Alafu angalia shida moja ya ploti yenu: ngazi haina taa, tanki hujaa hadi inamwagika, mtoi wa jirani anasoma na mshumaa. Jengea hiyo. Ikifanya kazi, onyesha mbogi venye uliijenga, na wao wajenge zao.