Ganzi huingia mshipa upi?

Juzi barazani Mji wa Kale, Mombasa, mwenye ngamia wa kupandisha watalii ufuoni aliniuliza: "Maalim, ngamia wangu kang'atwa mdomo na mwenziwe. Daktari asema atamtia ganzi ya mshipa. Si atalala huyo?"

La, hatalala. Nusukaputi hulaza mwili mzima; ganzi huondoa hisia za sehemu moja tu. Ngamia hucheua, akilazwa, chakula chaweza kurudi kooni kikaingia mapafuni. Kwa hiyo hupigishwa magoti, kisha dawa kama lidokaini hudungwa karibu na neva inayotokea kwenye tundu dogo ubavuni mwa taya la chini. Mdomo wa chini hufa ganzi, ukashonwa.

Utata umo katika neno "mshipa". Kuna mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na hata ngiri twaiita mshipa. Lidokaini nyingi ikiingia mshipa wa damu huweza kuleta degedege na kusimamisha moyo. Ndiyo maana daktari huvuta bomba la sindano kwanza, aone kama damu yaja.

Basi tuseme "mshipa wa fahamu" au "neva". Agizo likieleweka vibaya, mnyama huenda asiinuke tena.