Jinsi Nyumba za Halmashauri Zinavyopatikana London

Watu wengi wa Kenya ambao jamaa zao wamekwenda kukaa London wamesikia habari za nyumba za halmashauri, yaani nyumba ambazo kodi yake ni nafuu kuliko ile inayotozwa na wenye nyumba wengine wa mji huo. Jambo lenyewe si geni kwa mtu wa Nairobi, kwa maana mitaa kama Kaloleni na Jericho ilijengwa na halmashauri ya mji ili ipangishwe. Lakini kanuni za London ni nyingine. Wako wanaodhani kwamba nyumba hizo hupewa mtu ye yote aliyejiandikisha mapema, na kwamba aliyengoja miaka mingi ndiye atakayeitwa kwanza. Sivyo. Kungoja kuna maana yake, lakini kinachotazamwa kwanza ni shida ya mwombaji, na shida hiyo hapana budi ithibitishwe kwa hati. Asiyelijua jambo hili aweza kungoja miaka kumi bila kuitwa, na huku jirani yake aliyeomba mwaka jana amekwisha kukabidhiwa ufunguo.

Desturi ya halmashauri kujenga nyumba za kupangisha ni ya zamani. Sheria ya mwaka 1890 ilizipa halmashauri uwezo wa kubomoa vibanda vibovu na kujenga nyumba za wafanyakazi, na mwaka 1900 Halmashauri Kuu ya London ilifungua mtaa wa Boundary Estate, upande wa mashariki ya mji. Mtaa huo ulijengwa mahali palipoitwa Old Nichol, palipojulikana sana kwa umaskini na maradhi. Vifusi vya nyumba za zamani vilirundikwa katikati vikawa kilima, na juu yake pakafanywa bustani ambayo yaonekana hata leo. Lakini kodi ya nyumba zile mpya iliwashinda karibu watu wote waliokuwa wakikaa pale kwanza, wakahamia vibanda vya mitaa ya jirani. Ikadhihirika kwamba nyumba nzuri haimfai maskini kama kodi yake haipunguzwi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sheria ya mwaka 1919 ilitoa fedha za Serikali kusaidia ujenzi, na baina ya mwaka 1921 na 1935 mtaa wa Becontree ulijengwa, wenye nyumba kama 26,000.

Leo nyumba hizo ni chache kuliko watu wanaozihitaji. Mwaka 1980 ilipitishwa sheria iliyowapa wapangaji haki ya kuzinunua nyumba zao kwa bei iliyopunguzwa. Tangu hapo karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa nchini Uingereza, na zilizojengwa badala yake hazikufikia hesabu hiyo hata kidogo. Katika mwaka 2024 kaya zaidi ya 300,000 zilikuwa katika orodha za wanaongoja London peke yake. Kwa hiyo si ajabu kwamba kanuni zimekazwa.

Nani aweza kuomba

Raia wa Uingereza aweza kuomba, na vile vile mtu aliyepewa ruhusa ya kukaa bila kikomo, maadamu makao yao ya kawaida yako huko, na pia mkimbizi aliyetambuliwa na Serikali. Lakini aliyeingia kwa viza ya kazi au ya masomo hawezi. Viza ya namna hiyo kwa kawaida ina sharti kwamba mwenye nayo asipate msaada wa fedha za umma, na nyumba ya halmashauri huhesabiwa kuwa msaada wa aina hiyo. Jambo hili linawahusu sana Wakenya waliokwenda kuuguza wagonjwa na kutunza wazee. Mtu akiomba kwa kuficha hali yake aweza kuiharibu ruhusa yake ya kukaa, na hasara hiyo ni kubwa kuliko kodi yo yote.

Tena ifahamike kwamba London haina orodha moja. Imegawanyika katika wilaya 32, pamoja na Jiji la kale lililo katikati, na kila moja ina halmashauri yake na kanuni zake. Sheria ya mwaka 2011 ilizipa halmashauri uhuru mkubwa wa kuchagua ni nani waandikwe, na nyingi zinataka mwombaji awe amekaa katika wilaya hiyo miaka kadhaa, mara nyingi mitatu au mitano. Basi anayehamahama, mwaka huu kaskazini ya mto na mwaka ujao kusini yake kwa kufuata chumba cha bei rahisi, aweza kujikuta hana haki po pote. Mara nyingi kanuni hiyo hulegezwa kwa watu wenye dhiki ya pekee, kama mwanamke aliyekimbia kupigwa nyumbani. Ziko pia halmashauri zinazoweka mpaka wa mapato au wa akiba. Kila mwombaji auangalie mpaka wa wilaya yake kabla ya kupoteza wakati.

Shida lazima ionekane katika karatasi

Sheria ya mwaka 1996 inataka watu wenye shida fulani watangulizwe: wasio na makao, wanaokaa mahali palipojaa watu au pasipofaa kwa afya, na wale ambao ugonjwa au udhaifu unawalazimu kuhama. Halmashauri huwapanga waombaji katika madaraja, au huwapa alama, kwa kadiri ya shida hizo. Hapa ndipo mambo ya mtu hutengenea au huharibika.

Chukua mfano wa mama mwenye watoto wawili, msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 7, wanaokaa katika chumba kimoja chenye unyevu, na mvulana ana ugonjwa wa pumu. Kwa macho ya jirani shida yake iko wazi. Lakini karani anayepima maombi hakai jirani naye. Yeye huona fomu tu. Mama huyo akiandika kwamba nyumba yake ni mbaya na watoto wanateseka, maneno yake ni ya kweli lakini hayapimiki. Afadhali aeleze urefu na upana wa chumba, na nani analala wapi. Atie vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na picha za kuta zenye ukungu, na taarifa ya ofisa wa halmashauri wa afya ya mazingira, ambaye aweza kuitwa akague nyumba ya kupanga. Na barua ya daktari isiseme tu kwamba mtoto ana pumu, kwa maana watoto wengi wa London wana pumu na nyumba zao ni kavu. Iseme kwamba unyevu wa chumba kile unauzidisha ugonjwa, na mtoto amepelekwa hospitali mara ngapi. Barua inayotaja ugonjwa bila kuufungamanisha na nyumba haina nguvu sana, na ndiyo barua ambayo madaktari wenye kazi nyingi huandika wasipoelezwa kinachotakiwa.

Umri wa watoto nao ni hati. Kwa kawaida watoto wawili walio chini ya miaka 10 huhesabiwa kuwa waweza kulala chumba kimoja, ingawa mmoja ni msichana na mwingine mvulana. Siku msichana huyo atakapotimiza miaka 10, mama yake atahesabiwa kuhitaji vyumba vitatu vya kulala badala ya viwili. Asipoipa halmashauri habari, hesabu ya zamani yaweza kubaki vile vile. Hali kadhalika akizaa, akihama, au mapato yake yakibadilika.

Mwombaji atatakiwa pia kuonyesha pasipoti au hati ya ruhusa ya kukaa, mkataba wa nyumba anayokaa, hati za mshahara na taarifa za benki. Majina yawe sawasawa katika zote. Mtu ambaye pasipoti yake ina majina matatu na mkataba wake una mawili, tena yamepinduliwa, aweza kucheleweshwa miezi kwa jambo dogo kama hilo.

Akiisha kuandikwa, asikae akingoja barua. Katika wilaya nyingi nyumba zilizo wazi hutangazwa katika intaneti, mara nyingi kila juma, na mwombaji huchagua zile anazozitaka. Kitendo hicho Waingereza hukiita kwa neno la mnadani, lakini hakuna anayetaja fedha. Wote waliochagua nyumba moja hupangwa kwa daraja zao, na wenye daraja moja hupangwa kwa tarehe. Hapo ndipo kungoja kunapohesabiwa. Baadaye halmashauri nyingi hutangaza nyumba ilichukuliwa na mtu wa daraja gani na wa tarehe gani. Mwombaji mwenye akili huyasoma matangazo hayo, akaona ni mitaa ipi inayopatikana kwa mtu wa daraja lake, badala ya kuchagua kila juma nyumba nzuri ambayo watu mia wamemtangulia. Anayekataa nyumba inayomfaa bila sababu ya kutosha aweza kushushwa daraja au kufutwa.

Nyumba nyingine ni mali ya vyama vya nyumba visivyofanya biashara ya faida, navyo hupokea wapangaji wengi kutoka orodha hizo hizo. Asome tangazo vizuri kabla ya kuchagua. Kodi ya zamani ya halmashauri mara nyingi ni kama nusu ya ile ya sokoni au pungufu, lakini tangu mwaka 2011 iko kodi nyingine inayoitwa nafuu ambayo yaweza kufika asilimia 80 ya kodi ya sokoni. Katika mji kama London nafuu hiyo si ya kila mtu.

Mtu aliyekaribia kutolewa nyumbani ana njia ya pekee. Kwa sheria ya mwaka 2017, halmashauri yapaswa kumsaidia mtu anayestahili ambaye yumo katika hatari ya kukosa makao katika siku 56 zijazo. Basi aende mara apatapo notisi, wala asiondoke nyumbani kwa hofu au kwa kumridhisha mwenye nyumba kabla hajapata shauri. Anayetoka mapema aweza kuambiwa kwamba amekosa makao kwa hiari yake, na haki yake ikapungua sana. Akikataliwa ana siku 21 za kutaka uamuzi utazamwe upya. Msaada wa kwanza huwa makao ya muda, na pengine hayo huwa mbali na shule ya watoto, hata nje ya London.

Kuandikwa katika orodha hakutozwi ada. Anayedai fedha ili alisogeze mbele jina la mtu ni mwizi. Shauri la bure hutolewa na Citizens Advice na Shelter, ambao wanazijua kanuni hizi. Kusema uwongo katika maombi ni kosa la jinai, na tangu sheria ya mwaka 2013 ni kosa la jinai vile vile kumpangisha mtu mwingine nyumba ya halmashauri kwa siri.

Aliyepata nyumba kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa majaribio, ndipo apewe mkataba wa kudumu zaidi kama amelipa kodi na kukaa vizuri. Ayaweke akilini mambo mawili kabla ya siku ya kutia sahihi. Nyumba hizo hutolewa tupu, mara nyingi bila jiko, bila zulia na bila mapazia. Na kodi huanza kuhesabiwa tangu tarehe ya mkataba, hata kama mpangaji bado analala kwenye chumba chake cha zamani na kukilipia.