Hadithi za kisayansi: Jina si jambo dogo

WANAFUNZI wangu hapa Gasenyi, Bujumbura, wakitoka kwenye vibanda vya video husema wametazama "filamu za uongo". Roboti, jini na chombo cha angani, vyote hutiwa kapu moja. Mimi sikubaliani nao.

Wamarekani nao waligombania jina hilo miaka mingi. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha jarida la Amazing Stories, akaunganisha sayansi na bunilizi kuwa neno moja. Mwaka 1954 Forrest Ackerman akaleta kifupi cha "sci-fi". Mashabiki wengi wakongwe walikikataa, wakisema kinafaa filamu za ovyo tu. Wao wakabaki na herufi mbili: SF.

Kwa Kiswahili tunasema hadithi za kisayansi, au bunilizi ya kisayansi. Jina hilo humpa msomaji swali: jambo hili lingewezekanaje, na likiwezekana, tutaishije? Ukisema "uongo", swali limekufa.

Tazama filamu ya Pumzi (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu. Maji yamekauka duniani, watu wanasafisha hata jasho lao ili wapate ya kunywa. Mtoto aliyeona mafuriko ya mto Rusizi yakizamisha nyumba za Gatumba mwaka 2020 ana kila sababu ya kuuliza maji yatatufanya nini kesho.

Ipo pia Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi. Dzombo anahukumiwa kufa ndani ya chombo cha angani, lakini anajifunza kukiendesha na kufika nchi ya usawa. Ni riwaya ya siasa, kweli. Lakini bila chombo kile safari haipo. Na jina lenyewe ukilikata linasema: wale ni sisi.

Uzito wa jina naujua. Nilipokuwa nasoma Ulyankulu, Tanzania, niliitwa mkimbizi. Niliporudi Burundi, baadhi wakaniita Mtanzania. Kila jina lilinichagulia kiti kabla sijafungua mdomo. Vitabu navyo ni vivyo hivyo: kikiitwa cha uongo, hakiingii darasani.

Hivyo basi, walimu wenzangu na wazazi, mtoto akija na habari za roboti tusimkemee. Tumwambie hiyo ni hadithi ya kisayansi, kisha tumuulize: roboti huyo anapata wapi umeme, na nani anamtuma?